Mwanga wa Redon unatoka wapi?

Swali nililoletewa ni hili: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji, naishi Morogoro. Natumia mkaa, na siku moja moja nachonga lino, yaani bapa laini la linoliamu la kuchapia picha. Nimekutana na picha nyeusi za Mfaransa Odilon Redon kwenye simu, na tangu siku hiyo sina raha. Ndani yake hakuna jua wala taa, lakini vitu vinang'aa. Nimejaribu kuiga: najaza mkaa karatasi nzima, nasugua kwa kidole giza lilainike, halafu naweka chaki nyeupe panapotakiwa mwanga. Inatoka tope. Mwanga wake unatoka wapi? Na lile fumbo, linaletwa na giza lenyewe au na kitu kingine?"

Marahaba, mwanangu. Umenifurahisha kwa kutaja kidole. Wengi wakiniuliza habari za Redon huanza na ndoto na mizimu, wewe umeanza na mkono, na nusu ya jibu iko hukohuko mkononi.

Mwanga wa Redon ni karatasi. Katika zile picha zake za kuchapwa hakuna chaki nyeupe wala wino mweupe. Kila unapoona kitu kinang'aa, unaangalia karatasi tupu ambayo wino haukuigusa. Wewe unauleta mwanga mwishoni, kazi ikiwa imeshaiva. Yeye alikuwa nao tangu mwanzo, na kazi yake yote ilikuwa kuamua auache wapi, aufifishe wapi, auzime wapi.

Ili uelewe alivyofanya inabidi tupite kwanza kwenye jiwe. Picha nyingi ulizoziona ni litografia, yaani uchapaji wa jiwe. Ufundi huu uligunduliwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa karne ya 18, na msingi wake kila mpishi anaujua: mafuta na maji hayapatani. Unachukua bapa la jiwe la chokaa, unalisaga kwa mchanga na maji mpaka uso unakuwa sawa lakini wenye chembechembe, kisha unachora juu yake kwa kalamu ya grisi. Ukishachora unapaka gundi ya mgunga iliyotiwa asidi kidogo, unalowesha jiwe, unapitisha rola yenye wino wa mafuta. Palipochorwa panashika wino, palipolowa panaukataa. Unalaza karatasi, unaipitisha kwenye mashine, unaibandua.

Sasa ziangalie zile chembechembe, maana ndizo zenye siri. Jiwe lililosagwa ukilipapasa lina ukwaru mdogo kama wa ngozi ya papa. Kuna vilima na mabonde ambayo jicho halioni lakini ncha ya kidole inayajua. Kalamu ikipita kwa wepesi inagusa vilima tu. Mabonde yanabaki matupu, na kwenye karatasi yanatokea kama maelfu ya nukta nyeupe katikati ya weusi. Mchoraji akirudia mara ya pili na ya tatu nukta zinapungua, lakini asipotaka haziishi. Kwa hiyo hata pale penye giza zito la Redon kuna karatasi inayochungulia, na jicho lako, bila wewe kujua, linazidaka zile nukta. Ndiyo maana giza lake linaonekana lina kina, kana kwamba ukitia mkono utaingia mpaka kwenye kiwiko.

Wewe ukisugua kwa kidole unausukuma unga wa mkaa uingie katika kila bonde la karatasi. Nukta zote zinazibwa. Giza linakuwa bapa kama ukuta uliopakwa lami. Halafu unaleta chaki, chaki inachanganyika na unga, unapata rangi ya majivu. Hilo ndilo tope lako, na halina uhusiano wowote na kipaji. Kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu hiyo.

Ikusaidie kujua kwamba yeye naye alianzia kwenye mkaa. Alizaliwa Bordeaux mwaka 1840, akalelewa Peyrelebade, shamba la familia katika eneo la Médoc, mtoto mwenye afya dhaifu aliyekaa mbali na wazazi. Ameandika mwenyewe kwamba utotoni alikuwa anatafuta vivuli, na alipata furaha ya ajabu akijificha chini ya mapazia makubwa na katika pembe za giza za nyumba. Miaka ya 1870 karibu yote ilikwenda kwenye mkaa. Alipotaka michoro yake ipate nakala, mchoraji mwenzake Henri Fantin-Latour alimwonyesha karatasi ya kuhamishia: unachora kwa kalamu ya grisi juu ya karatasi maalumu, kisha mchoro unahamishiwa kwenye jiwe kwa mgandamizo. Kwa mtu aliyezoea karatasi hiyo ilikuwa rahisi kuliko kuinamia jiwe zito siku nzima. Mwaka 1879 akatoa albamu yake ya kwanza ya litografia, Dans le Rêve, picha 10, nakala 25 tu. Hadi anafariki mwaka 1916 alikuwa amefanya litografia zipatazo 170.

Mchoro ukishahamia kwenye jiwe, hakuuacha hivyo. Aliongeza weusi kwa kalamu, na pia aliuondoa kwa kukwangua. Ukikuza picha zake utaona mistari myembamba, mikali, myeupe, inayokatiza giza. Hiyo ni mikwaruzo ya ncha ya chuma juu ya jiwe: grisi imeng'olewa, wino haukupata pa kushika. Kwa hiyo mwanga wake una tabia tofauti. Upo ule ulioachwa, mpana na mtulivu, upo ule unaochungulia katikati ya chembechembe, na upo ule uliochimbwa, unaochoma jicho. Vyote ni karatasi ileile. Mchoraji anayejua kuvipanga hahitaji kuonyesha taa.

Jambo jingine simu yako haikuonyeshi. Karatasi yenyewe si nyeupe. Litografia zake nyingi zilichapwa juu ya karatasi nyembamba sana iliyoitwa ya China, yenye rangi inayoelekea krimu, ambayo ilibandikwa juu ya karatasi nene wakati uleule wa kuchapa. Mwanga wake una joto, kama wa pembe ya ndovu iliyozeeka. Kioo cha simu kinaugeuza kuwa wa bluu na baridi. Nilipoiona moja kwa macho kwa mara ya kwanza nilisimama mbele yake muda mrefu nikiona kama nimedanganywa miaka yote. Ukitaka kuziona vizuri bila kusafiri, jumba la Art Institute of Chicago lilinunua karibu kazi zake zote za uchapaji kutoka kwa mjane wake mwaka 1920, na limeziweka kwenye tovuti yake bure, unakuza mpaka unahesabu chembe za jiwe. (Mjane huyo, Camille Falte, alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Réunion, kwenye bahari hii hii ya Hindi.)

Tuje kwenye fumbo, ambalo ndilo gumu. Umeuliza kama linaletwa na giza. Hapana, na nitakuthibitishia kwa picha ambayo nina hakika ni mojawapo ya zilizokukosesha raha: lile jicho kubwa linalopaa kama puto. Imo katika albamu ya mwaka 1882 aliyoitoa kwa heshima ya mwandishi wa Marekani Edgar Allan Poe. Ifungue sasa uitazame. Giza liko wapi? Mbingu ni ya kijivu chepesi, ni mchana. Maji yamelala. Pembeni chini kuna mmea wenye majani makali. Katikati jicho limekuwa puto, limeelekea juu, kope zake zimesimama kama nyasi, na chini yake, mahali pa kikapu cha abiria, kumening'inia sahani iliyobeba kichwa. Picha nzima haizidi sentimita 26 kwa 20, na sehemu kubwa yake ina mwanga. Fumbo lipo palepale, tena limezidi.

Linatoka wapi basi? Linatoka kwenye usahihi. Tazama uduara wa jicho ulivyotiwa kivuli upande mmoja, kama mpira halisi unaoweza kuushika. Tazama linavyobeba uzito. Redon alieleza njia yake hivi: viumbe visivyowezekana alivifanya viishi kwa sheria za vinavyowezekana, na akaiweka mantiki ya vinavyoonekana imtumikie kisichoonekana. Angelichora jicho lile kwa ukungu, umbo lisijulikane, tungesema ni wingu tukapita.

Lugha yetu ina kitu kinachofanya kazi hivyohivyo. Mtu akisema "Kitendawili!" tukamjibu "Tega!", naye akasema "Kuku wangu katagia mwibani", hakuna neno hata moja pale lenye ukungu. Kuku tunamjua, kutaga tunakujua, mwiba umewahi kutuchoma. Kilichofichwa ni kile kinachoviunganisha, yaani nanasi. Sasa fikiria mtegaji asiyekubali kupewa mji, anayetega na kukaa kimya, kwa sababu yeye mwenyewe hataki jibu moja liue mengine. Huyo ndiye Redon. Hata maneno aliyoandika chini ya picha za Poe hayatoki kwa Poe, ni yake mwenyewe, na alishikilia kwamba jina la picha lina haki ya kuwapo pale tu linapokuwa halina hakika. Alisema michoro yake haifafanui kitu, inatuweka mahali pasipo na mipaka kama muziki unavyofanya.

Somo hilo alilipata mapema kwa mchapaji Rodolphe Bresdin, aliyemfundisha huko Bordeaux katikati ya miaka ya 1860 kuchora kwenye bamba la shaba na kulichimba kwa asidi. Redon anasimulia kwamba Bresdin alimwonyesha bomba la moshi juu ya nyumba, akamuuliza linakwambia nini? Mimi, akasema, linanisimulia ngano. Akamwambia ukilitazama vizuri na kulielewa, unaweza kufikiria jambo la ajabu kabisa, na likisimama juu ya ukuta ule wa kawaida ndoto yako itaishi. Kaa na kisa hicho siku mbili tatu kabla hujagusa mkaa tena. Ni bomba la moshi tu.

Kuhusu kundi lenyewe la Wasimbolisti, yaani wasanii wa taashira, nitapita haraka. Jina lao lilitangazwa rasmi tarehe 18 Septemba 1886, mshairi Jean Moréas alipochapisha tamko lao katika gazeti la Le Figaro la Paris. Siku hiyo Redon alikuwa na zaidi ya miaka 10 ya weusi mkononi. Vijana wale walimkuta amefika.

Lakini nisiache kukuonyesha picha moja ambayo kwangu imebeba swali lako lote. Inaitwa Le Jour, maana yake Mchana. Ni ya mwisho kati ya picha sita za albamu ya Songes ya mwaka 1891. Tumo ndani ya chumba. Mbele yetu kuna ukuta, na ukutani dirisha lenye fito zilizokatana. Nje kweupe: shina la mti mwembamba, majani yake, basi. Sehemu kubwa ya picha ni giza la chumbani, na gizani humo vinaelea vitu vidogo vya mviringo, vyepesi kuliko povu. Mtu ametoa picha iliyojaa giza akaiita Mchana.

Hapa mwanga una chanzo, tena kinaonekana: ni dirisha. Ungetegemea fumbo lipungue. Ila ukitazama utaona mwanga wa nje hauingii. Haulazi kivuli cha fito sakafuni kama linavyofanya dirisha lako asubuhi. Umeishia kwenye kizingiti. Vile vidude vya mviringo havikuazima kitu kwa dirisha, vinaonekana kwa weupe wao wenyewe. Mchana uko kule, sisi tuko huku, na kilicho hai kiko huku na sisi. Rembrandt, Mholanzi wa karne ya 17 ambaye Redon alimheshimu kuliko karibu wachoraji wote, alifanya jambo la jirani na hilo mnamo 1652, kwenye picha ya bamba ya mzee msomi anayeona duara linalong'aa dirishani mwake. Kwa Rembrandt, mzee anashtuka na sisi tunashtuka naye. Redon amemwondoa mzee. Wa kushtuka umebaki wewe.

Albamu ile aliitoa kwa kumbukumbu ya rafiki yake Armand Clavaud, mtaalamu wa mimea wa Bordeaux aliyefariki mwaka 1890. Clavaud ndiye aliyemfungulia ujana wake: alimpa vitabu vya kusoma, akamweleza dunia iliyo chini ya hadubini. Redon anakumbuka kwamba Clavaud alikuwa akichunguza uhai ule wa mpakani, usioeleweka kama ni mmea au mnyama, kiumbe kinachokuwa mnyama kwa saa chache tu za siku, na kwa nguvu ya mwanga peke yake. Ukishajua hilo, vile vidude vinavyoelea havibaki mapambo. Mimi naviona kama kumbukumbu ya kioo cha hadubini: duara la mwanga, na ndani yake kitu kisichojulikana kinajisogeza. Mwingine ataona roho, mwingine vumbi. Picha inatuvumilia sote.

Kwa hiyo giza kwake lina kazi maalumu. Aliandika kwamba weusi unapaswa kuheshimiwa, kwamba haubembelezi jicho, na kwamba unaitumikia roho zaidi ya rangi nzuri yoyote ya kwenye kibao cha mchoraji. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, kuanzia miaka ya 1890, aliingia kwenye rangi za pastel (vijiti vya chaki za rangi) na za mafuta, akachora maua yanayowaka kama moto. Wapo wanaosema alipona huzuni. Mimi nadhani alikuwa ameshajua mwanga unakaa wapi, akawa hana tena haja ya kuupitishia gizani.

Sasa mkono wako. Anza na karatasi yenye ukwaru. Karatasi ya kuchapia ya ofisini ni laini mno, haina mabonde ya kukusaidia. Ukikosa ya kuchorea, tafuta kaki ya kufungia, ile nene. Rangi yake ya udongo itakupa kiwango cha katikati bure, na Redon mwenyewe alipenda kuchora mkaa juu ya karatasi zenye rangi. Mkaa wa jikoni ni mgumu na hukwaruza. Tengeneza wako: vijiti vilivyomenywa, unene wa penseli, vipange ndani ya kopo la bati lenye mfuniko na tundu dogo la kutolea moshi, likae motoni mpaka moshi ukatike, kisha liache lipoe kabisa kabla ya kulifungua.

Laza kijiti ubavu, pitisha kwa wepesi, tabaka juu ya tabaka, ukibadilisha mwelekeo. Kidole kiweke mfukoni. Giza zito kuliko yote lipe sehemu moja tu ya karatasi, kwingine kote liwe pungufu yake. Ukitaka mwanga, ondoa. Wachoraji wa enzi zile walifutia mkaa kwa nyama ya mkate: finyanga kipande cha ndani ya mkate mpaka kiwe kama udongo, gonga, usisugue. Bonye kimoja kitakupa mwanga wa ukungu, ncha iliyochongoka itakupa mstari. Chaki ifungie kabatini kwa mwezi mmoja.

Kwenye lino mambo ni mengine, maana lino haina chembechembe. Pale usimfuate Redon, mfuate Félix Vallotton, Mswisi wa Lausanne aliyefanya kazi Paris. Katika picha yake L'Argent, iliyochongwa kwenye ubao na kuchapwa, ya mfululizo wa Intimités wa 1897 na 1898, zaidi ya nusu ya picha ni weusi mtupu usio na mstari hata mmoja. Mwanamke mwenye nguo nyeupe amesimama dirishani. Mwanamume aliye karibu naye ana suti nyeusi, na suti hiyo imeungana na giza la chumba bila mpaka, hujui mwili wake unaishia wapi. Hakuna jini wala jicho linalopaa, watu wawili tu wanazungumza, jina la picha likitaja fedha, na mwili unaanza kukusisimka. Alipata hayo kwa kutochonga. Kwa hiyo kwenye lino jizuie: kabla ya kila mkato jiulize kama giza linaweza kuendelea mbele kidogo na likambeba mtu.

Kwa zoezi la kwanza chora dirisha la chumbani kwako saa kumi na mbili jioni, taa ikiwa haijawashwa. Vitu viwe vilevile vilivyopo: ndoo, kiti, pazia. Ukimaliza usinitumie picha nzima. Chagua pembe yenye giza kuliko zote, ipige kwa karibu sana, kipande cha ukubwa wa kucha, unitumie hicho. Nataka kuona kama zile nukta zimebaki.